Kasi ya hifadhi ya zamani haikubaliani na kasi ya laini: anza na uwiano

Malalamiko ya kasi karibu yote huja na namba mbili. Moja imetoka kwenye kifaa cha kuhifadhia data au programu ya kunakili, nyingine imeandikwa kwenye mkataba wa laini. Mtu anazilinganisha, haziafikiani, anaanza kubadilisha kebo. Kabla ya kugusa kebo yoyote, chukua namba kubwa uigawe kwa ndogo. Jibu, yaani uwiano, mara nyingi humtaja mkosaji: 8 haitoki mahali inapotoka 1.05, na 1.25 ina ukoo wake peke yake.

Namba ndogo usiichukue kwenye skrini. Ipime mwenyewe. Tafuta faili ambalo unajua idadi ya baiti zake, ambalo tayari limebanwa (la zip, kwa mfano, kwa sababu modemu na mashine za mikanda ya kuhifadhia data hubana data njiani na kukupa kasi isiyo ya kweli), lihamishe, na uhesabu sekunde. Faili la baiti 100,000,000 likipita kwa sekunde 50, kasi ni baiti 2,000,000 kwa sekunde, yaani megabiti 16 kwa sekunde. Pima mara kadhaa. Uwiano ukitulia, soma dalili zinazofuata kwa mpangilio wake, maana zimeanza na zinazotokea sana. Ukiyumba kila ukipima, tatizo si la vipimo. Ruka hadi dalili mbili za mwisho.

Dalili: uwiano uko kati ya 8 na 10

Hii ndiyo inayowapata wengi. Watu wa hifadhi huhesabu kwa baiti (B kubwa), watu wa simu huhesabu kwa biti (b ndogo), na baiti moja ni biti nane. Kagua herufi kwanza. Ukikuta "mbps" kwa herufi ndogo tupu, usiiamini. Angalia nani ameiandika. Mkataba wa laini ni biti. Diski, mkanda na CD ni baiti. Programu za kunakili hutumia baiti karibu zote, na vipimo vya kasi ya intaneti hutumia biti.

Kwa laini za zamani za simu (T ni za Marekani, E ni za Ulaya, STM na OC ni za faiba), namba za kubadilishia ni hizi:

- Chaneli moja ya sauti, 64 kb/s: baiti 8,000 kwa sekunde
- T1, 1.544 Mb/s: baiti 193,000
- E1, 2.048 Mb/s: baiti 256,000
- E3, 34.368 Mb/s: baiti 4,296,000
- T3, 44.736 Mb/s: baiti 5,592,000
- STM-1, ambayo kwa kasi ni sawa na OC-3, 155.52 Mb/s: baiti 19,440,000

Hizo ni baiti zote zinazopita kwenye waya, zikiwemo zile ambazo data yako haizitumii. Tutazirudia.

Kama umepata 8.4 hivi badala ya 8 kamili, makosa ni mawili yamepandana: biti dhidi ya baiti, pamoja na programu inayohesabu megabaiti kwa 1,048,576. Kwenye Ethaneti ya 100 Mb/s uwiano wa kawaida ni takriban 8.8, kwa sababu vichwa vya pakiti (maelezo yanayotangulia kila kifurushi cha data) navyo vimechukua fungu lao. Programu inaonyesha megabaiti 11.3, na hakuna kilichoharibika. Acha laini ipumzike.

Ukipata 9, na kilichohusika ni diski za mwanga, angalia alama ya "x". Kwenye CD, 1x ni baiti 153,600 kwa sekunde. Kwenye DVD, 1x ni takriban baiti 1,385,000, mara tisa ya ile. Kiendeshi kilichoandikwa 16x cha DVD na kile cha 16x cha CD havina undugu wa kasi. Tena "52x" ya CD hufikiwa ukingoni mwa diski tu. Karibu na kitovu kasi huwa chini ya nusu ya hiyo.

Ukipata 10 kamili, una laini ya mfululizo ya mtindo wa zamani, ambayo kila baiti yake hutanguliwa na biti ya kuanza na kufuatwa na biti ya kumaliza. Mlango wa mfululizo wa 9,600 b/s hupitisha baiti 960 kwa sekunde, si 1,200. Hapa gawa kwa kumi, usitafute ubovu. Modemu zenye urekebishaji wa makosa wa V.42 huziondoa biti hizo mbili zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kwenye laini ya simu uwiano hushuka kuelekea 8, ilhali kati ya modemu na kompyuta unabaki 10. Ndiyo sababu mlango wa kompyuta huwekwa kasi kubwa kuliko ya modemu.

Dalili: namba zinakaribiana, lakini kuna upungufu wa asilimia 2 hadi 14

Hapa ndipo watu werevu hupotea, maana visababishi kadhaa hutoa namba zinazofanana na kila mtu hukimbilia kile anachokijua.

Cha kwanza ni elfu dhidi ya 1,024. Tofauti yake hukua kadiri kipimo kinavyopanda: 1.024 kwa kilo, 1.049 kwa mega, 1.074 kwa giga, 1.100 kwa tera. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa majina ya kibi, mebi na gibi kwa vipimo vya 1,024 ili mabishano haya yaishe. Kwenye vifaa vya kabla ya hapo, na programu nyingi za baadaye, K na M bado zinabeba maana zote mbili. Kuna hata maana ya tatu: flopi ya "1.44 MB" ina baiti 1,474,560, yaani 1.44 mara 1,000 mara 1,024. Hiyo si elfu kwa elfu wala 1,024 kwa 1,024. Ukiwa na jedwali la zamani lililojengwa kwa mchanganyiko huo, kosa la 1.024 halitakuondokea mpaka urudi kwenye baiti tupu.

Upande wa simu hakuna mzozo huo: kilo ni elfu moja, siku zote. Lakini E1 ina mtego. Namba 2.048 inafanana na ya kompyuta, na nimeona majedwali mengi yanayoigeuza kuwa "mebibiti 2". Sivyo. Sauti huchukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 8, hapo una 64,000. Zidisha kwa nafasi 32 za chaneli upate 2,048,000 kamili. Mebibiti 2 zingekuwa 2,097,152. Kibaya zaidi, mtu akiizungusha E1 kuwa "2 Mb" kisha akalinganisha na 2.048, uwiano ni 1.024, sawasawa na kosa la kilo! Kwa hiyo ukiona 1.024 kwenye hesabu ya E1, tafuta namba iliyofupishwa kabla ya kumlaumu anayehesabu kwa 1,024. T1 iliyofupishwa kuwa 1.5 hutoa 1.029.

Kisababishi cha pili ni mzigo wa fremu (mafungu ambayo laini hupangia data) za laini yenyewe. T1 ni nafasi 24 za 64 kb/s, ambazo ni 1,536, na biti 8,000 za kupangia fremu. Data haizidi 1.536 Mb/s. Kwenye E1 nafasi ya kwanza ni ya fremu, hivyo zinabaki 31, yaani 1.984 Mb/s na uwiano wa 1.032. Nafasi ya 16 ikitumika kwa ishara za simu zinabaki 30, yaani 1.920 na uwiano wa 1.067. STM-1 ya 155.52 hubeba data ya 149.76 tu, uwiano 1.038. Hivi havirekebishiki, vimo ndani ya muundo.

Cha tatu ni vichwa vya pakiti. Kwenye Ethaneti, ili baiti 1,460 za data ya TCP (kanuni za kutuma data mtandaoni) zipite, waya hubeba 1,538 ukihesabu kila kitu, hata mwanya kati ya fremu. Uwiano ni 1.053. Sasa ulinganishe na 1.049 ya mebibaiti. Kwa saa ya mkononi huwezi kuzitenganisha, na zikija pamoja hutoa 1.105. Laini za ATM (mtindo wa kusafirisha data, si mashine ya pesa), ambazo DSL nyingi za zamani, yaani intaneti ya waya wa simu, zimepanda juu yake, hukata data katika seli za baiti 53 zenye data ya baiti 48. Uwiano huo peke yake ni 1.104. Unaona fujo. Lakini kwa ATM, 1.104 ni sakafu. Pakiti ya 1,500 pamoja na mkia wake wa baiti 8 hujaza seli 31 na kipande cha ya 32, na seli ya mwisho husafirishwa nzima ijapokuwa haijajaa. Seli 32 ni baiti 1,696 kwenye waya kwa data 1,460, na uwiano unapanda hadi 1.16.

Kuzitenganisha, fanya majaribio haya kwa mpangilio:

1. Rudia kipimo cha baiti na sekunde, hesabu kwa elfu tupu. Upungufu ukipotea, ilikuwa kosa la kipimo kwenye skrini. Ukipungua tu, kilichobaki ni mzigo wa kweli.
2. Badilisha ukubwa wa pakiti. Mebibaiti hazijali pakiti, vichwa vinajali. Ukizipunguza hadi 576, upungufu utaongezeka waziwazi kama kisababishi ni vichwa.
3. Soma ripoti ya ruta: inahesabu fremu zenye vichwa, au data tupu? Ruta mbili zinaweza kutofautiana kwa hili hata zikiwa kwenye laini moja.

Ukishafika hapo na bado kuna upungufu wa zaidi ya asilimia 3 usioelezeka, angalia hesabu ya makosa kwenye mlango wa ruta. Makosa yanayoongezeka kila unapoburudisha ukurasa ni kazi ya mtoa huduma, si yako. Usibadilishe mpangilio wa saa au wa fremu kwenye kifaa cha mwisho wa laini ili "kujaribu": laini za aina hii huhitaji saa moja inayoongoza, na ukiiharibu, hata chaneli za sauti za wengine wanaoshiriki laini hiyo zinaweza kuanza kuruka.

Dalili: uwiano ni 1.25

Huu ni usimbaji wa 8b/10b: kila biti 8 za data husafiri kama 10. SATA (njia ya kuunganisha diski) iliyoandikwa 1.5 Gb/s hubeba megabaiti 150 kwa sekunde, si 187.5, ya 3 Gb/s hubeba 300, ya 6 Gb/s hubeba 600. Gawa kwa kumi moja kwa moja.

Kosa la upande wa pili ni kuukata mzigo huu mara mbili. Gigabiti Ethaneti ya faiba nayo hutumia 8b/10b, lakini jina lake limeshaondoa mzigo huo: waya hukimbia 1.25, data ni 1.0. Waliounda SATA walitaja kasi ya waya, waliounda Ethaneti wakataja kasi ya data. Hakuna kanuni ya kukusaidia kukisia. Kila teknolojia ina desturi yake na lazima uijue.

Onyo moja kama uko kwenye faiba: usichungulie mwisho wa uzi kuona kama "kuna mwanga". Mwanga wa laini hizo kwa kawaida hauonekani kwa jicho, na unaweza kulidhuru. Nguvu ya mwanga hupimwa na fundi mwenye kipimo chake.

Dalili: namba nzima ndogo: 2, 3 au 4

Kwa mikanda, mbili ni ubanaji. Mkanda wa LTO-3 una GB 400 na hukimbia MB 80 kwa sekunde, lakini kwenye boksi utaona 800 na 160, kwa dhana kwamba data itabanwa nusu kwa nusu. Picha, video na faili za zip hazibaniki zaidi. Panga kwa namba ya asili.

Kwa SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski na mashine za mikanda), mbili ni upana wa njia. Ultra SCSI nyembamba hupitisha MB 20 kwa sekunde, pana 40, kwa idadi ileile ya mapigo. Kifaa kipana kilichounganishwa kwa adapta ya pini 50 kimekuwa chembamba. Hapa simama ujiulize jambo moja kabla ya kubadilisha kebo: je, kifaa ni cha HVD, yaani SCSI ya volti ya juu? Viunganishi vyake vinaingia vizuri kabisa kwenye vifaa vya kawaida, na umeme wake unaweza kuviunguza. Kama alama iliyo karibu na kiunganishi haieleweki, usichomeke, mpelekee anayezijua.

Kwa diski za IDE (njia nyingine ya zamani ya kuunganisha diski), kebo ya nyaya 40 huifungia diski kwenye 33 MB/s. Kasi za 66, 100 na 133 zinahitaji kebo ya nyaya 80, yenye kiunganishi kilekile cha pini 40. Uwiano wa 2, 3 au 4 dhidi ya kilichoandikwa kwenye diski huanzia hapo. Lakini kumbuka kuwa namba hiyo ni ya njia, si ya sahani zinazozunguka. Diski nyingi za enzi hiyo hazikufika karibu nayo kwa usomaji wa mfululizo.

Tatu, kwenye faiba za simu, mara nyingi ni STM na OC zilizochanganywa. STM-4 ni sawa na OC-12, si OC-4. Zidisha namba ya STM kwa tatu.

Nne, kwenye modemu, ni bodi (baud, idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde) iliyosomwa kama biti. Modemu ya V.22bis hubadilisha ishara mara 600 kwa sekunde na kila badiliko hubeba biti 4, ndipo inafika 2,400 b/s.

Mbili kwenye mtandao inaweza pia kuwa muuzaji aliyejumlisha kwenda na kurudi. Mia kwenda na mia kurudi si mia mbili kwa faili moja.

Dalili: uwiano ni kama 1.3

Umetumia jedwali la Marekani kwa laini ya Ulaya, au kinyume chake. E1 kwa T1 ni 1.33, T3 kwa E3 ni 1.30. Tazama vizuri kwamba kwenye ngazi ya tatu mkubwa amebadilika, kwa hiyo huwezi kurekebisha jedwali zima kwa kuzidisha namba moja.

Dalili: makadirio ya muda yalisema saa tatu, kazi imechukua zaidi ya siku

Chukua mkanda wa GB 400 unaopaswa kupita kwenye E3. Aliyegawa baiti kwa biti alipata sekunde 11,639, saa tatu na robo hivi. Hesabu sahihi ni biti trilioni 3.2 kwa 34,368,000: sekunde 93,110, karibu saa 26, kabla ya vichwa vya pakiti. Mkanda wenyewe ungesomwa kwa dakika 83 tu.

Pengo hilo la kasi huleta madhara yasiyo ya hesabu. Mashine ya mikanda inayolishwa data au kutolewa data polepole kuliko kasi yake ya chini husimama, hurudi nyuma, huanza tena, mara maelfu. Utaisikia ikifanya hivyo. Mkanda na kichwa cha kusomea huchakaa, na kasi hushuka hata chini ya ile ya laini. Dawa ni kunakili mkanda wote kwenye diski kwanza, kwa kasi yake, ndipo utume kutoka kwenye diski.

Ikiwa mkanda unaacha vumbi kwenye kichwa, au diski inagonga kwa mpigo unaojirudia, zima umeme na usijaribu "mara moja ya mwisho". Kila jaribio linaweza kufuta kilichobaki. Kama data hiyo haina nakala kwingine, mpe mtaalamu wa kuokoa data ikiwa katika hali hiyohiyo.

Dalili: laini imeongezwa, kasi imebaki palepale

Hakuna uwiano utakaokusaidia hapa, maana kasi haiamuliwi tena na laini. TCP ya zamani isiyo na upanuzi wa dirisha (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kusubiri jibu) hutuma baiti 65,535 kisha husubiri jibu. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 100, hupati zaidi ya 5.24 Mb/s hata ukikodi STM-1. Kwa setilaiti ya mbali, yenye takriban milisekunde 600, ni chini ya 0.88 Mb/s.

Kukagua ni rahisi: tuma faili mbili kwa wakati mmoja. Jumla ya kasi ikiongezeka maradufu, dirisha ndilo linalobana. Washa upanuzi wa dirisha pande zote mbili, au gawa kazi katika mikondo kadhaa. Jumla isipoongezeka, kuna kizuizi cha kweli kwenye laini au kwenye kikomo cha kasi alichoweka mtoa huduma, na wakati wa kumpigia umefika. Mpe idadi ya baiti, sekunde, ukubwa wa pakiti na muda wa safari ya kwenda na kurudi. Ukimwambia tu kwamba "napata nne badala ya thelathini na nne", atakuuliza kama ni biti au baiti.